Balbu za waifai, miezi saba hapa Moshi: nilichojifunza

Nilinunua balbu nane za waifai, zile unazowasha na kuzima kwa programu ya simu, za pini, shilingi 19,000 kila moja, duka la vifaa vya umeme mjini. Kampuni siitaji. Wiki tatu za kwanza nilikuwa karibu kuzirudisha.

Kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne, mbili za korido na ile ya geti zilikuwa zinapotea kwenye programu. Unabonyeza kuwasha, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha unaambiwa kifaa hakipatikani. Asubuhi zote zinaitika kama kuku waliomwagiwa mahindi. Fundi akasema ruta, kile kifaa kinachorusha waifai ya nyumbani, imechoka, ninunue nyingine. Nashukuru siku ile sikuwa na hela.

Jioni ndiyo ilikuwa dalili, maana saa hizo mtaa wetu wa Soweto wote umerudi nyumbani. Nilishusha programu ya bure ya kupima mawimbi, nikasimama koridoni na simu: waifai kumi na mbili za majirani, tisa zimerundikana chaneli ya 6 (chaneli ni kama njia ambayo waifai inapita), na yangu humo humo. Balbu hizi zinatumia masafa ya GHz 2.4 tu, haziwezi kukimbilia GHz 5 kama simu. Na kwenye 2.4, chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaitoa kwenye kujichagulia yenyewe, nikaiweka 1, na upana wa chaneli nikaushusha kutoka MHz 40 hadi 20. Spidi ya simu ilipungua kidogo. Balbu haiangalii filamu, haina shida.

Korido ikapona nusu. Nusu nyingine aliigundua mke wangu: "Baba Neema, nikipasha maharage taa ya korido haisikii." Nilicheka, kisha nikajaribu. Kikombe cha maji ndani ya maikrowevu, dakika mbili: taa kimya. Ikizima tu, taa inaitika. Kumbe maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo, na ruta yangu ilikuwa juu ya jokofu, pembeni yake kabisa. Sasa nimeipigilia ukutani koridoni, karibu na dari.

Mengine hayakuwa ya mawimbi. Mama alishuka kutoka Marangu kukaa nasi, na kila akitoka chumbani anazima swichi ya ukutani. Balbu isiyo na umeme, programu itaionaje? Nilimwomba aziache. Akanijibu, "Mwanangu, umeme ni hela. Au LUKU unanunua za kuchezea?" Chumbani kwake nimerudisha balbu ya kawaida, maisha yanaendelea.

Kinachoniudhi mpaka leo ni hiki. Ukitaka balbu hizi zisahau kila kitu zianze upya, unazima na kuwasha mara tatu mfululizo. Sasa umeme wa masika unaweza kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, na balbu zinadhani ni mimi. Usiku mmoja wa Aprili, saa tisa, niliamka chumba kinawaka-waka kama disko. Balbu nne zimeshasahau nenosiri. Hapo lawama ni ya aliyezitengeneza, kwa sababu programu yake haina pa kuizuia tabia hiyo. Kuziunganisha upya ni kama dakika tano kila moja, na kwangu zilikubali tu baada ya kuipa waifai ya 2.4 na ile ya 5 majina tofauti kwenye ruta. Jambo moja zuri: kuna sehemu ya kuchagua balbu ikumbuke hali yake umeme ukirudi. Iwashe siku ya kwanza, la sivyo nyumba nzima itawaka usiku wa manane.

Nyota tatu kati ya tano. Za ndani sasa hazinisumbui, umeme ukitulia. Ya geti, kuta tatu za bloku zimeishinda; pale nimefunga ya sensa inayowaka giza likiingia.