Kipimo cha vinasaba vya mbwa: kinataja rangi ya manyoya, lakini hakimalizi shauri la kondoo

Huduma ninayoitathmini ni ya kampuni moja ya nje, ambayo sitaitaja, inayouza kijiti cha kuchukulia mate ya mbwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani na kurudisha ripoti ya mbegu yake, maumbile yake na maradhi anayoweza kurithisha. Niliinunua kwa sababu moja. Huku Uyole, Mbeya, na vijiji vinavyoelekea Rungwe, kondoo wakiraruliwa usiku, madai ya fidia hufika kwa mwenyekiti wa kijiji yakiwa na ushahidi wa mtu mmoja aliyeona kivuli, na nilitaka kujua kama mate peke yake yanaweza kueleza mbwa anafananaje. Kwa hiyo nilituma mate ya mbwa kadhaa wa kienyeji bila picha wala maelezo yoyote.

Sehemu ya manyoya ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba jeni tatu, yaani sehemu za vinasaba zinazobeba sifa za kurithi, hueleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbegu za mbwa: RSPO2 huleta ndevu na nyusi nene, FGF5 huamua urefu, na KRT71 huleta mawimbi. Ripoti ilitaja manyoya mafupi, yaliyonyooka, yasiyo na ndevu, na ndivyo walivyo mbwa wale. Rangi nayo ilipatikana: mweusi alitambuliwa kwa jeni ya CBD103, na mwekundu kwa MC1R, ambayo ikirithiwa na hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili humnyima mbwa weusi wa manyoya, hata kama jeni zake nyingine zinaudai.

Mabaka meupe ni habari nyingine. Jeni ya MITF inaweza kuonesha kwamba mbwa huenda ana weupe, lakini haisemi upo mguu gani, na shahidi wa kijijini hukumbuka hasa ule mguu mmoja mweupe. Mkia ulitabiriwa kuwa mrefu kwa mbwa mwenye kigutu, kwa kuwa mwenye mbwa aliukata mbwa huyo alipokuwa mdogo, na kisu hakiachi alama kwenye vinasaba. Uzito uliotabiriwa ulizidi ule wa mizani. Jeni kama IGF1 huweka kadirio la umbo la mbwa aliyelishwa vizuri, si la anayeshindia ukoko wa ugali huku ana minyoo.

Asilimia za mbegu nilizipita haraka, ila maelezo ya tabia yaliyoambatanishwa nazo ningeyafuta kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulikuta mbegu inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, kwa hiyo asiwepo mtu wa kulipishwa kondoo kwa sababu karatasi imemwita mbwa wake mwindaji.

Kasoro kubwa kwa matumizi niliyoyakusudia ni kwamba huduma hii hupokea mate safi ya shavuni pekee. Mate ya kwenye jeraha huwa yamechanganyika na damu ya kondoo, ni machache, na mara nyingi yameanza kuharibika. Unywele uliodondoka bila mzizi nao kwa kawaida hutoa vinasaba vya upande wa mama tu, ambavyo havibebi jeni za rangi. Kazi ya namna hiyo inahitaji vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, kama mfumo uitwao LASSIE wa watafiti wa Innsbruck, Austria, waliouchapisha mwaka 2023 ili kutabiri rangi, umbo la masikio, mkia, fuvu na ukubwa wa mbwa. Hata huo hupunguza tu idadi ya wanaoshukiwa. Kumtaja mbwa fulani kunahitaji sampuli yake ilinganishwe na ile ya jerahani. Hapa kwetu, ambako mwekundu mwenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama yupo karibu kila boma, maelezo ya sura yatamsaidia zaidi mwenye mbwa mweusi aliyesingiziwa kuliko mdai wa fidia. Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye mamlaka yake hupima vinasaba nchini, ana ofisi ya kanda Mbeya, lakini sheria ya vinasaba ya mwaka 2009 inahusu binadamu, si mbwa.

Anayetaka kumjua tu mbwa wake anaweza kuinunua. Kijiti akikaushe vizuri kabla ya kukifunga, hasa masika, maana unyevu wa huku huotesha ukungu ndani ya bahasha.