Oveni ya Katwe baada ya miezi 14

Nimeoka mikate na keki kwa oveni hii miezi 14 sasa, hapa Kireka, nje kidogo ya Kampala, Uganda. Ni ya gesi, ghorofa mbili, trei nne, na imetengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, na fundi aliyeishia P.7, yaani darasa la saba. Nilitoa shilingi za Uganda milioni 2 na laki 3, nusu kwanza, nusu siku ya kuichukua. Ya kutoka China ya ukubwa huo niliiona mjini kwa zaidi ya milioni 4.

Mama alipojua ninampa mtu wa P.7 milioni nzima kabla hata hajakata bati, alishika kichwa. Nikamwambia, mama, Katiba yenyewe inamtaka mbunge S.6 tu, yaani kidato cha sita, au kinacholingana nayo, rais vilevile. Akasema, "Ndiyo maana."

Dukani nilianzia kweli. Kijana wa mauzo alikuwa nadhifu, digrii yake imeandikwa kwenye kadi chini ya jina. Alinieleza dhamana, rangi na nchi ilikotoka. Nilipomuuliza mkate wa kilo moja utakaa dakika ngapi, akafungua kijitabu. Simcheki. Mimi mwenyewe nina digrii ya biashara ya Makerere, nilivaa joho pale Freedom Square mwaka 2017, na mwaka ule ukiniuliza habari za hamira ningetafuta kijitabu hichohicho.

Katwe unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Mashine za bisi, za kusaga mahindi, majiko, mageti, vyote vinachomelewa kando ya njia. Fundi wangu aliwahi kufanya kazi Busia, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili bila shida. Hakuanza na bei. "Dada, donge lako lina uzito gani kabla ya kuingia motoni? Trei unasukuma mwenyewe au una msaidizi?" Kisha akanisimamisha, akapima kwa kamba kutoka sakafuni hadi kiwiko changu, akapiga fundo. Ghorofa ya juu ipo pale palipokuwa na fundo. Mkono wangu haujawahi kuungua.

Joto inalitunza vizuri, maana kati ya bati la ndani na la nje kumejazwa pamba ya kioo unene wa vidole vitatu. Mtungi wa kilo 12 unanifikisha siku sita, nikioka asubuhi tu.

Kasoro zipo. Wiki ya tatu mikate ya mbele, upande wa kushoto, ikaanza kutoka imepauka. Nikapiga simu, jioni fundi akafika kwa boda. "Nipe karatasi." Karibu yangu kulikuwa na faili la enzi za kutafuta kazi, limejaa nakala za wasifu wangu, nikachomoa moja. Akaibana mlangoni upande wa kulia, akaivuta: imeshika. Akaibana kushoto: ikateleza ikatoka. "Moto wako unapita hapa." Akalegeza bawaba, akagonga, akabana tena, akavuta, mpaka wasifu wangu ukachanika vipande viwili. Hapo ndipo akaridhika.

Kipimajoto nacho kinadanganya. Hicho ni cha kununua, si kazi ya mkono wake, na ameniambia nisikiamini: nirushe unga kidogo kwenye trei, nihesabu hadi 30. Ukigeuka hudhurungi, ingiza mikate. Ukiwa mweusi, subiri. Rangi ya nje imeanza kubanduka. Na dhamana ya maandishi hakuna. Risiti yangu ni ukurasa wa daftari.

Huo ukurasa wa daftari ulishamgharimu. Shule moja ilitaka oveni mbili, ofisi ya manunuzi ikaomba cheti, yeye hana, kazi ikaenda kwingine. Nilimwonea huruma, lakini ukiwa karani umekaa ofisini, oveni hujaigusa, mkate hujaula, utamjuaje fundi? Baadaye alikwenda kupimwa na DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wale waliokuwa wakitoa Worker's PAS, cheti cha ujuzi kwa waliojifunza ufundi kazini: unafanya kazi, mtahini anakutazama. Akafaulu kuchomelea. Cheti kimo kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na madaftari ya risiti.

Na digrii yangu? Siku moja nilikaa naye tukapiga hesabu ya oveni moja: chuma, pamba, umeme, vijana wawili. Siku tisa za kazi, na mfukoni mwake kilikuwa kinabaki laki 1. Hakuwahi kuandika. Nikamwambia hapo unafanya kazi ya kujitolea, kaka, pandisha.

Mwezi huu nimeagiza ya pili. Milioni 2 na laki 7. Nikalalamika kwamba hesabu hiyo nilimfundisha mimi, angalau anipunguzie. Akacheka, akaniambia binti yake ameanza uhandisi Kyambogo na huko ada hawapunguzi. Nimelipa nusu. Naichukua Alhamisi.