Baruti ni Baruti? Yaliyonipata kwa Fundi wa Risasi

Nilikuwa nimekusudia kuandika sifa. Hadi majuzi ningemwambia mtu yeyote wa Malindi anayemiliki bastola ya kale kwa leseni kwamba fundi huyu, ambaye sitamtaja jina, ana mkono wa pekee katika kujaza upya maganda ya risasi. Leo naandika nikiwa na hasira, nami sina hakika kwamba zitakuwa zimepoa nitakapoweka kalamu chini.

Bastola yenyewe ni ya mfukoni, yenye silinda ya matundu matano ya risasi, na hufunguka kwa kukunjwa mtutu kuelekea chini. Marehemu babu aliachiwa na mwenye shamba aliyemtumikia, ikamfikia baba, kisha ikanifikia mimi, na kila mara cheti kilibadilishwa kisheria. Hutumia risasi za kipimo cha .32 (upana wake kwa inchi) za kampuni ya silaha ya Smith & Wesson, aina iliyoanza mwaka 1878. Wakati huo baruti ya kisasa, isiyo na moshi, ilikuwa bado haijapatikana. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884. Naitaja miaka hiyo kwa sababu ugomvi wetu wote umo ndani yake. Bastola za namna hii ziliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo hujazwa hadi ganda likashiba na bado shinikizo lake chuma cha zamani hulihimili. Baruti ya kisasa ina nguvu nyingi katika kipimo kidogo, na mtu akiijaza kwa wingi uleule, silinda hupasuka mkononi mwa aliyeishika.

Nilimpelekea fundi maganda kumi. Ni ya ile aina ambayo fataki yake, yaani kile kidude kinachoiwasha baruti, hukaa katikati ya kitako, hivyo ya zamani hung'olewa ikawekwa mpya. Haya si kama ya risasi ndogo za .22, ambayo fataki yake imo ndani ya ukingo na ikishalipuka ganda halina kazi tena. Nilisema kwa kinywa changu kwamba nataka baruti nyeusi, na karani wake akaandika maneno hayo kwenye risiti, ambayo ninayo mpaka sasa. Nilipoyapokea nilifurahi mno. Maganda yaling'aa, risasi zilikaa sawasawa, na mdomo wa kila ganda ulikuwa umebanwa vizuri kuliko kazi yoyote niliyopata kuiona.

Kwenye uwanja wa shabaha nilipiga moja tu. Anayeijua baruti nyeusi anajua kwamba hutoa mshindo mzito na wingu jeupe linalokuziba macho, na harufu ya kiberiti hubaki puani. Mimi nilisikia mlio mkali kama fimbo kavu inayovunjika, na mbele yangu hewa ikabaki safi. Nikaishusha bastola mkono ukinitetemeka. Bwana mmoja pale, mzoefu wa kazi hii, alinifungulia risasi moja kwa kifaa chake, na badala ya chembe nyeusi zikamwagika vipande bapa vya kijivu.

Kesho yake nilikwenda dukani. Nilipiga hodi, nikatoa salamu kamili, na fundi hakuitikia. Sikumbuki mara ya mwisho mtu wa mji huu kuniacha nimesimama mlangoni na salamu yangu. Nikaeleza shida yangu kwa upole, nikamwonyesha risiti. Hakuigusa. Aliniambia, mbele ya wateja wawili, "Kijana, baruti ni baruti. Wewe unataka moshi, au unataka risasi itoke?" Mimi nina wajukuu.

Kwa haki lazima niseme kwamba viwanda navyo hutengeneza risasi za .32 kwa baruti isiyo na moshi, iliyopimwa kwa kiasi kidogo ili bastola kongwe ziihimili. Huenda naye alipima kwa makini, na kwa uzuri wa kazi yake ya mkono niko tayari kabisa kuamini hivyo. Tena baruti nyeusi ina adha yake: masizi yake hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi, usipoosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku ileile na kuupaka mafuta, utaamkia kutu. Kama angeniambia, "Mzee mwenzangu, nyeusi sikuipata, nimetumia nyingine, na kipimo chake ni hiki," pengine ningemshukuru.

Lakini hakuniambia, na nilipomuuliza kipimo alinigeuzia mgongo akaendelea na kazi yake. Aliandika kitu kimoja akatia kingine ndani ya kitu ambacho ningekishika karibu na uso wangu. Hapo uzuri wa kazi unanizidishia uchungu, kwa maana ganda lililofungwa vizuri namna ile halionyeshi kilichomo. Kitasa kinachoufunga mtutu sasa kinacheza kidogo. Sijui kama ni kwa sababu ya mlio ule mmoja au ni uzee, na fundi pekee ambaye ningemuuliza ni yeye.

Nilisema nitampa sifa kwa mkono wake, na sifa hiyo siiondoi. Hata hivyo mtu asimpelekee bastola ya babu yake. Zile nane zilizobaki nimezikabidhi kituo cha polisi pamoja na nakala ya risiti, na bastola nimeipaka mafuta nikaifungia kasikini, tupu.