Nguo za kugusa ngozi mjini Bukavu: ipi ununue kwanza, ipi uirudishe mezani

Kwa mwenye haraka: chupi, kaleso (chupi za kiume) na singleti za kila siku nunua za pamba yenye elastani (uzi unaovutika) kidogo, rangi nyepesi. Zikiwa na lebo ya OEKO-TEX, cheti cha kupimwa kemikali za kwenye nguo, ambayo namba yake inapatikana ukiitafuta kwenye simu, bora zaidi. Poliesta na nailoni zenye cheti cha kweli zisikutie hofu. Zile habari zinazozunguka WhatsApp kwamba kila uzi wa plastiki ni sumu zimetiwa chumvi nyingi. Ila cheti kinajibu swali moja tu, kama kitambaa kimebeba kemikali kupita kipimo. Hakikuambii utatokwa jasho kiasi gani ukipanda mtaa wa Kadutu na mzigo mkononi, wala kitambaa kitafanya nini cheche ya makala (mkaa wa kupikia) ikikirukia. Hapa nimepanga kwa kuangalia yote mawili, pamoja na mfuko, maana hakuna faida ya kumsifia mtu nguo asiyoweza kuinunua.

Kwanza ile lebo

STANDARD 100 ya OEKO-TEX ndiyo utakayokutana nayo zaidi kwenye bidhaa zinazotoka Ulaya, Uturuki na China. Ilianza mwaka 1992 kwa taasisi za utafiti wa nguo za Austria na Ujerumani, na leo makao yake yako Zürich, Uswisi. Maabara hupima kila kitu kilichomo: kitambaa, uzi wa kushonea, kifungo, zipu, mpira wa kiuno. Kimoja kikishindwa, nguo nzima imeshindwa. Wanatafuta rangi za azo zinazoweza kuachia kemikali za kusababisha saratani, metali nzito kama risasi na kadimi, formaldehidi, ftalati za kulainisha plastiki, na rangi ambazo madaktari wanazijua kwa kuwasha ngozi. Tangu 2024 wamekataza pia PFAS, kemikali zinazofanya maji yateleze juu ya kitambaa bila kuingia.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii ni daraja. Yako manne. Daraja la I ni la watoto hadi miaka 3, na humo formaldehidi haitakiwi kuonekana kwenye kipimo. La II ni la nguo zinazolala juu ya ngozi. Humo isizidi miligramu 75 kwa kilo ya kitambaa. La III ni la makoti na jaketi ambazo hazigusi ngozi moja kwa moja, na la IV ni la mapazia, vitambaa vya meza na viti. Madaraja mawili ya kwanza yanabanwa pia kwenye asidi: pH iwe kati ya 4.0 na 7.5, kwa kuwa ngozi yenyewe ina asidi kidogo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha jaketi lenye cheti, uliza daraja kabla ya kulivaa juu ya kifua kitupu.

Cheti hutolewa kwa bidhaa fulani, si kwa jina la kampuni, na hudumu mwaka mmoja kisha huombwa upya. Lebo ya kweli ina namba na jina la taasisi iliyopima. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa OEKO-TEX wa kukagua lebo, utaona ni bidhaa gani iliyopimwa, daraja lake, na kama cheti bado ni hai. Nembo bila namba ni pambo la pakiti tu. Na namba ikifungua cheti cha mapazia huku mkononi umeshika sidiria, jibu unalo.

Muuzaji atakuambia, "Hii ni orijino, mama, ya Uturuki, si ya China." Hapo hajakuambia kitu. Viwanda vingi vya China vina cheti, na nguo ya Uturuki inaweza kukikosa. Kama unataka dazeni nzima, mwombe kwa adabu upige picha ya lebo, ukakague nyumbani, urudi kesho. Wengi hawakatai.

Nafasi ya kwanza: pamba 95, elastani 5, yenye cheti cha daraja la II

Sababu ni maji. Pamba iliyokaa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni karibu 4, poliesta haifiki hata nusu asilimia. Jasho ambalo kitambaa hakikunywa hubaki kwenye mikunjo ya mapaja na chini ya matiti, na hapo ndipo fangasi hupenda kukaa. Elastani ya asilimia 5 haiharibu jambo hilo, na inaisaidia nguo isilegee baada ya kuoshwa mara chache.

Kwenye lebo tafuta "coton" kabla ya kusikiliza maelezo ya mdomo. Mzigo ukiwa umepitia nchi nyingine utakuta "Baumwolle" kwa Kijerumani, "katoen" kwa Kiholanzi, "cotone" kwa Kiitaliano. Zote ni pamba. "Microfibre" si pamba, hata ikiwa laini namna gani: ni poliesta au nailoni yenye nyuzi nyembamba sana. Na soksi za "bambou" ambazo siku hizi zinasifiwa kila kona, kwa kawaida ni viskosi, yaani mti uliosagwa na kuyeyushwa kwa kemikali ukavutwa kuwa uzi. Si mbaya kuvaa, hunywa jasho vizuri, ila msikubali kulipa zaidi kwa ajili ya picha ya majani ya kijani.

Lebo nazo husema uongo. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibano, uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili kwa pamoja. Jaribio hili lifanyie nyumbani, si katikati ya vibanda vya mbao vya Kadutu, tafadhali.

Hapa wapenda pamba hunikasirikia, lakini ni lazima isemwe: pamba nayo si malaika. Mashati ya pamba "yasiyohitaji pasi" hupata sifa hiyo kwa dawa zenye formaldehidi, wakati poliesta haijikunji kwa asili yake na haihitaji dawa hiyo. Shati la pamba la namna hiyo lisilo na cheti linaweza kubeba formaldehidi nyingi kuliko jezi ya poliesta iliyo pembeni yake.

Ya pili: pamba isiyo na cheti, rangi nyepesi

Hii ndiyo wengi wetu tutanunua, kwa kuwa bei inafuata dola na lebo za Zürich hazijai kwenye meza za soko la Nyawera. Chagua nyeupe, krimu au kijivu. Lowesha leso nyeupe kidogo, isugue kwa nguvu ndani ya pindo. Rangi ikihamia kwenye leso, itahamia kwenye ngozi pia utakapotoka jasho. Inuse. Harufu kali ya duka la rangi maana yake kitambaa hakikusuuzwa vya kutosha kiwandani. Ukifika nyumbani, fua mara mbili kabla ya kuvaa: rangi iliyozidi na sehemu kubwa ya formaldehidi huondoka na maji ya kwanza.

Ya tatu: nailoni yenye cheti

Lebo huiandika "polyamide". Kwa sidiria na nguo za mazoezi inafaa, kwani hukauka upesi na haikwaruzi. Kwa chupi, angalia kama kile kipande cha chini ndani ni cha pamba. Kikikosekana, ivae kwa sherehe, si kwa wiki nzima.

Ya nne: poliesta yenye cheti

Kwa upande wa kemikali, jezi au legingi yenye daraja la II imefaulu mtihani uleule na pamba ya nafasi ya kwanza. Imeshuka hadi hapa kwa sababu nyingine tatu. Ya kwanza ni jasho, nimeshaisema. Ya pili ni harufu: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakiongozwa na Chris Callewaert, waliwavalisha watu fulana za pamba na za poliesta wakati wa mazoezi, na za poliesta ndizo zilizonuka zaidi, kwa kuwa bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi juu yake. Kwa hiyo ukiona jezi mpya inanuka kwapa saa chache tu baada ya kufuliwa, usijilaumu kwa usafi.

Ya tatu ni moto, na kwetu tunaopika kwa makala naiona nzito kuliko zote. Pamba hushika moto, ndiyo, lakini poliesta na nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda chake huingia ndani. Anayepuliza jiko asivae legingi ya poliesta iliyombana. Wala haifai watoto wanaochezea karibu na jiko.

Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anayeshinda juani na jezi ya timu yake hahitaji kuitupa. Avae singleti ya pamba ndani, ya kubadilisha kila siku.

Ya tano: chaguwa (mitumba)

Hapa nagawanya. Fulana ya chaguwa ya pamba ni ununuzi mzuri sana. Imefuliwa mara nyingi kiasi kwamba rangi na dawa zilizozidi zilikwisha baki huko ilikotoka. Kama watu wangekuwa wanapima ngozi badala ya fasheni, ningeiweka ya pili. Nguo za ndani za chaguwa, hapana. Tanzania na Ghana zimepiga marufuku kuziuza, na mpira wake wa kiuno mara nyingi umeshakufa. Chochote cha chaguwa kitakachogusa ngozi kiloweke kwanza kwenye maji ya moto yanayozidi nyuzi 50 kwa dakika 10. Wadudu wa upele na mayai yao hawapiti hapo. Kisha jua, kisha pasi.

Ya mwisho: poliesta nyeusi au buluu iliyoiva, isiyo na cheti, ya kubana

Hii irudishe mezani. Poliesta haikubali rangi za kawaida za pamba. Hutiwa rangi za disperse, ambazo hazifungamani na uzi bali hukaa ndani yake tu. Kiwanda kisipomaliza kazi vizuri, jasho na msuguano huzitoa. Mbili kati yake, Disperse Blue 106 na Disperse Blue 124, ni maarufu kwa madaktari wa ngozi kwa kuleta mzio, na hutumika kwenye buluu ya giza na nyeusi. Mwenye ngozi nyeusi asitegemee kuona wekundu: ataona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, kavu, yenye vipele vidogo na muwasho, na alama ya weusi inaweza kukaa miezi.

Kuna njia ya kutofautisha. Mzio wa nguo hukaa pale kitambaa kinaposugua: kingo za kwapa, ndani ya mapaja, mstari wa kiuno, shingoni. Shimo la kwapa lenyewe kwa kawaida husalimika, kwa sababu kitambaa hakiligusi sana. Muwasho ukiwa katikati kabisa ya kwapa, shuku dawa ya kuzuia harufu kwanza. Ukienda kwa daktari, ichukue nguo yenyewe; maelezo ya rangi kwa mdomo hayamsaidii.

Watoto wachanga

Asubuhi za Bukavu ni baridi, na kila mama anajua zile sweta na kofia za akriliki za rangi tamu. Mtoto avae, ila chini yake kuwe na vesti ya pamba yenye mikono, na kofia iwe na kitambaa cha pamba ndani. Kama una pesa ya kulipia cheti mara moja tu katika nyumba, ilipie hapa, daraja la I. Daraja hilo hupima hata kama rangi inatoka kwa mate, kwani mtoto huinyonya shingo ya nguo mchana kutwa.

Kuhusu javel (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo)

Watu hununua vizuri halafu wakaharibu kwenye beseni. Mpira wa kiuno wa raba ukilowekwa kwenye javel, klorini hubadilisha kemikali za ndani ya raba na kutengeneza nyingine inayoleta mzio. Madaktari wa ngozi walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970. Dalili ni mkanda wa muwasho unaozunguka kiuno sawasawa na ulipo mpira. Javel iachie mashuka meupe. Nguo za ndani zinatosheka na sabuni ya kipande, maji ya uvuguvugu, na kusuuza hadi povu liishe, hata siku bomba limekauka na maji ni ya kubeba. Iliyokwisha kulowekwa kwenye javel na sasa inawasha kiunoni haitengenezeki kwa kuifua tena. Kata mpira, ushone mwingine, au ifanye kitambaa cha kufutia vumbi.