Marejesho ya tozo ya kaboni Kanada: hesabu nzuri, ufikishaji mbovu

Huduma hii, iliyowarudishia wakazi pesa za tozo ya mafuta yanayotoa hewa ukaa, imeshafungwa, lakini inastahili kupimwa, maana kila nchi inayofikiria kutoza kaboni itakutana na swali lile lile: pesa zirudi kwa nani, na kwa njia gani? Kanada ilianza kutoza mafuta Aprili 2019, katika majimbo yasiyokuwa na mfumo wao, kwa dola 20 za Kanada kila tani ya hewa ukaa. Kufikia 2024 ilikuwa dola 80. Takribani asilimia 90 ya makusanyo ilirudi kwa kaya.

Chukua jimbo la Ontario mwaka 2024. Lita ya petroli ilibeba senti 17.61, na mita moja ya ujazo ya gesi ya kupashia nyumba joto senti 15.25. Familia ya watu wanne iliyojaza tangi la lita 50 kila wiki na kutumia mita 2,000 za gesi kwa mwaka ililipa kama dola 763. Kodi ya mauzo ya asilimia 13 ilitozwa juu ya tozo yenyewe, kasoro isiyo na utetezi, jumla ikawa dola 862. Marejesho yao: dola 1,120. Zilibaki 258 za kufidia bidhaa zilizopanda bei dukani. Na kwa kuwa kiasi kilifuata idadi ya watu nyumbani, si mafuta waliyochoma, aliyebana matumizi alibakiwa na zaidi. Kwa hesabu hiyo, mfumo ulikuwa wa haki.

Ulipoanguka ni kwenye kuonekana. Mwanzoni pesa zilifichwa ndani ya ritani ya kodi, mara moja kwa mwaka. Tangu Julai 2022 zikaingia benki kila miezi mitatu, lakini kwa jina la Climate Action Incentive (Motisha ya Hatua za Tabianchi), lisilotaja kaboni hata kidogo, na baadhi ya benki ziliandika maelezo yasiyoeleweka kabisa. Jina la Canada Carbon Rebate (Marejesho ya Kaboni ya Kanada) lilikuja 2024, wakati hasira zimeshakomaa. Kwa wanandoa, alilipwa yule ambaye ritani yake ilikaguliwa kwanza. Mwenzake akaapa hajawahi kuona senti. Mgeni aliyehamia, wakiwemo wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, alihitaji kuomba malipo kwa fomu RC151, au RC66 akiwa na watoto. Asiyejua alikosa.

Kisha Oktoba 2023 serikali ikatangaza kuyasamehe tozo mafuta ya kimiminika ya kupashia nyumba joto kwa miaka mitatu. Wenye gesi wakauliza, kwa haki, kwa nini si wao.

Uswisi hurudisha pesa za tozo yake ya kaboni kupitia bili ya bima ya afya, nako wengi hawazioni. Juni 2021 wapiga kura wa huko waliikataa sheria mpya ya hewa ukaa.

Kanada ilifuta tozo ya mafuta tarehe 1 Aprili 2025, malipo ya mwisho yakatoka tarehe 22. Atakayejaribu tena achapishe tozo na marejesho kwenye bili moja, mstari kwa mstari.