Sumaku na bomba la shaba: vifaa vizuri, kijitabu kimeteleza

Seti hii niliinunua Sh1,850 kwenye duka moja la vifaa vya maabara hapa Kisumu mjini. Ndani kuna sumaku ndogo ya neodimiamu, bomba la shaba la sentimita 60, la plastiki la urefu huohuo, na kijitabu chembamba.

Kwa kufundishia, inafaa sana. Ukiidondosha sumaku kwenye plastiki, inafika chini kabla hujapepesa jicho. Kwenye shaba inashuka kwa madaha kama bibi harusi anayeingia ukumbini, na ukichungulia kwa juu unaiona ikielea, haigusi ukuta. Fomu Foo walinyamaza, na darasa lile halinyamazi ovyo. Ila kingo za bomba zilikuja na makali ya msumeno. Zipige tupa kabla hujawapa watoto.

Ugomvi wangu ni na kijitabu. Ukurasa wa mwisho unadai kwamba setilaiti nazo hupunguzwa mwendo angani kwa njia hiihii. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, huko juu bomba liko wapi?" Hapo ndipo kijitabu kinapokwama. Kwenye shaba, sumaku inayoshuka inaamsha mkondo wa umeme unaoizuia, nao unazunguka ndani ya bomba lenyewe na nishati inageuka joto. Setilaiti inayokata uga wa sumaku wa Dunia kwa kilomita 7.7 kwa sekunde huzalisha takriban volti 0.2 kwa kila mita ya mwili wake, lakini mkondo unaosukumwa na volti hizo hauna pa kupita isipokuwa kwenye plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme, iliyoizunguka. Wanafizikia Drell, Foley na Ruderman walieleza mwaka 1965 kwamba kwa setilaiti kubwa, nishati hubebwa na mawimbi ya Alfvén, yaani mitikisiko ya plazma pamoja na uga wa sumaku, yanayofuata mistari ya uga wa Dunia pande zote mbili. Yaani setilaiti inapoteza mwendo, na nishati yake inaishia mbali nayo kabisa.

Tena mfano wa kuwapa wanafunzi upo: mwaka 1996 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilikunjua waya wa karibu kilomita 20, ukafikisha volti 3,500 hivi kabla haujaungua na kukatika. Kijitabu hakiutaji.

Vifaa navipa nyota nne, kijitabu mbili. Bajeti ya idara ikibana, omba uuziwe sumaku peke yake. Mimi ya pili walinipa kwa Sh600. Bomba la kuitosha, fundi wa AC atakukatia.