Kupima moyo kabla ya msimu: kliniki moja huku Upper Hill, Nairobi

Wazazi wa vijana wa raga na mpira, hii huduma naipea nne kwa tano, ile moja imepotelea kwa kaunta ya malipo, nitafika huko.

Nilichopenda ni hawakukimbilia mashine. Sista alianza na maswali, na si ya kujaza fomu tu. Ushawahi kuzimia katikati ya kukimbia? Kifua hukubana? Kuna mtu kwenu alikufa ghafla kabla afikishe 50? Hapo kijana wangu akaniangalia, hayo ya ukoo atajulia wapi, ikabidi nimpigie shosho yake simu hapo hapo. Sista akauliza pia kama kijana alikuwa anaumwa koo mara kwa mara akiwa mdogo, nikajiuliza koo na moyo wapi na wapi, kumbe koo la bakteria lisipotibiwa linaweza leta homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo, na huku kwetu hiyo bado iko sana.

ECG yenyewe, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni dakika chache, unavua shati, unalala, unabandikwa vistika kifuani, mikononi na miguuni, haiumi. Mapigo yakasoma 48 kwa dakika na moyo wangu ndio ukaanza kwenda mbio, daktari akacheka, akasema kwa mtu wa mazoezi kila jioni hiyo ni kawaida. Yeye anatafuta vitu kama misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, kama ya Marc-Vivien Foé wa Kameruni aliyeanguka uwanjani Lyon 2003 akiwa na miaka 28. Na hakutudanganya eti karatasi ikiwa safi basi yameisha. Christian Eriksen wa Denmark alikuwa anapimwa miaka yote na bado akaanguka uwanjani kwa Euro 2020, ile iliyochezwa 2021, kilichomuokoa ni kusukumwa kifua haraka na ile mashine ya kushtua moyo. Kwa hivyo ulizeni shule pia, kocha anajua kusukuma kifua ama ni filimbi tu?

Sasa kaunta. Bei niliyopewa kwa simu ilikuwa ya ECG pekee, kumwona daktari ni kando, na yule wa kaunta alikuwa ananisukumia eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, "kwa usalama tu" kabla hata mtu asome ECG! Nikakataa, na daktari mwenyewe baadaye akasema haihitajiki. Ulizeni bei yote kabla hamjatuma M-Pesa, na mdai karatasi ya ECG mwende nayo nyumbani, mwakani italinganishwa na mpya.